Kioko, Mwenye Masikio Mabovu ni Mimi

Kioko mwanangu,

Begi lako liko mlangoni, limefungwa vizuri kuliko nilivyowahi kufunga kitu chochote maishani mwangu, kwa hivyo sitakusumbua na habari za soksi wala sabuni. Joto la Doha wenzako waliotangulia wanalijua kuliko mimi. Maombi nayo susu, nyanya yako, alikufanyia Jumapili huko Kangundo hadi magoti yakakuuma, nimeambiwa. Hayo yote yameshughulikiwa.

Mimi nakuandikia jambo ambalo limenishinda kulisema kwa mdomo. Na unaujua mdomo wangu. Mdomo huu ndio uliotulisha. Nikishika maikrofoni ukumbi mzima unaniitikia, lakini wiki hii kila tulipokaa mezani nilifungua mdomo nikuambie, na kilichotoka ni "ongeza chai". Basi umelala, nami nimechukua kalamu. Nina aibu, Kioko. Nakuambia mapema ili usisome ukitafuta kitu kingine.

Wewe umenijua nikiwa tayari Sista Ndunge, yule DJ ambaye jina lake hubandikwa ukutani kabla ya jam, zile dansi zetu za Jumapili. Hukunijua nikiuza soda. Nilikuwa msichana wa soda mlangoni mwa ukumbi huu huu wa mtaa hapa Kariobangi, enzi ambazo disko la mchana lilikuwa la vijana wasioruhusiwa kutoka usiku. Waliwaambia wazazi wao wanaenda mazoezi ya kwaya, wakaja kucheza hadi jua likatua, kisha wakarudi nyumbani na jasho ambalo mama zao walidhani ni la kumsifu Mungu.

DJ wa hapo alikuwa na tabia moja, na wenzake wote walikuwa nayo. Alipopata santuri mpya aliiloweka kwenye beseni hadi ile karatasi ya katikati ikatoka, ili DJ mwingine asisome jina la wimbo akaenda kuutafuta. Santuri zake zilikuwa nyeusi tupu, hazina jina. Siku moja akachanganyikiwa. Watu wamesimama wanangoja, yeye anaweka sindano hapa, anaitoa, anaweka pale. Nikamwambia kutoka mlangoni, "Siyo hiyo. Ni ile yenye mkwaruzo pembeni." Ilikuwa yenyewe. Nilikuwa nimezijua zote kwa kusikiliza tu, huku nikifungua soda. Akaniita mezani nikae karibu, na baada ya muda akawa anaenda kunywa chai ananiachia meza. Wanaume walikuja kuinama chini ya meza kutazama kama kuna mwanamume amejificha anayecheza kwa niaba yangu.

Nakueleza haya si kwa kujisifu, ingawa najisifu kidogo. Nataka ujue kwamba sikio ndilo lililonitoa kwenye soda. Sikuwa na elimu, sikuwa na sura ya kuuza gazeti. Nilikuwa na sikio. Na kazi ile nilijifunza kwa watu ambao kuficha kwao kulikuwa nusu ya ufundi.

Ulipozaliwa sikuwa na mtu wa kukuachia. Baba yako alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na safari moja ikawa ndefu mno, hakurudi. Nikakubeba hadi ukumbini, nikakulaza nyuma ya meza juu ya leso, nikakutia pamba masikioni na kukufunga kitambaa kichwani isitoke. Wanawake wa kanisa walinisema sana. Mtoto atakuwa kiziwi, walisema, na kama si kiziwi basi mlevi. Wewe ukalala fofofo. Pamba ilikuwa tele kwenye kikapu changu na sikuwahi kujiwekea hata kipande. DJ anayeziba masikio ni sawa na mpishi anayeziba pua, ndivyo tulivyokuwa tukisema, na tulicheka sana.

Masikio yako yalipona, na si kupona tu. Ulikuwa bado wavaa kaptula ya shule siku tulipoenda kwa Karanja, fundi wetu wa spika kule kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali. Unakujua kule, nyundo na mabati kila upande, mtu husikii hata mawazo yako. Ukanivuta nguo ukasema, "Mum, hiyo ya kijani inalia." Karanja akazima spika zote, akaiwasha ile ya kijani peke yake, akainamisha kichwa. Kulikuwa na ufa kwenye koni, mwembamba kama unywele. Akanitazama akasema, "Huyu usimpeleke kuuza nyanya." Nikamjibu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyekuumba peke yangu.

Ulipomaliza shule ukawa ndiye unayepanga sauti yangu. Kabla watu hawajaingia ulikuwa unazunguka ukumbi mtupu, unasimama kule kwenye pembe ya vyoo, unapiga makofi, unasikiliza, unarudi unapunguza kitu kidogo, unaenda tena. Nilikutania, "Unatafuta nini, umeangusha shilingi?" Ukapiga makofi tena. Ulikuwa na subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Watu walianza kusema jam za Sista Ndunge zimekuwa tamu siku hizi, unacheza mchana kutwa na ukienda kulala kichwa hakikuumi. Nilizipokea sifa hizo kama zangu.

Sasa nifike penyewe.

Ilianza na ndege. Asubuhi moja nikakuuliza mbona siku hizi hakuna ndege mtaani, ukanitazama vibaya. Kisha simu ikawa hailii. Kisha watu wote wa Kariobangi wakaanza kunong'ona, nami nikawa mkali, nikimfokea hadi muuza mboga, "Ongea kama mtu aliyekula!" Unakumbuka ukali ule. Nilidhani wengine ndio wenye shida.

Mwishowe nikaenda kliniki mjini. Wewe nilikuambia naenda kununua nyaya. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, akanivisha hedfoni, hebu fikiria, hedfoni, akanipa kitufe nishike na kuniambia nikisikia sauti nibonyeze. Tukaanza na sikio la kulia. Nikakaa nikingoja aanze. Nikangoja. Baadaye akanivua, nikamwuliza kwa upole, "Mashine imeharibika?" Akasema, "Mama, upande huo tumemaliza."

Sikio la kulia ndilo nililokuwa nikivalia hedfoni miaka yote. La kushoto linasikiliza ukumbi, la kulia linasikiliza wimbo unaokuja, na ili wimbo unaokuja usikike juu ya ukumbi unafungulia sauti hadi mwisho. Limekufa kabisa. La kushoto limebakiwa na sauti nene, na hata hizo zimeanza kuaga. Nilitoka pale nikaenda kununua nyaya kweli, ili nisiwe nimekudanganya.

Sikumwambia mtu. Mwanamke mzee, DJ, kiziwi: nani angeniita hata kwenye sherehe ya chama? Nikaanza kuficha, na nakuambia nilificha kwa ufundi. Besi niliisikia kwa nyayo. Nilikuwa naweka kiganja mezani nahesabu mapigo. Nilitazama zile taa ndogo za mashine ya miksa, nikatazama mabega ya watu wanaocheza. Ila sauti nyembamba, zile za matoazi na vinanda vya juu, hazina mguu wala kiganja. Hizo nilikuwa naziongeza tu hadi nizisikie. Na ili nizisikie mimi, Kioko, ilibidi ziwachome wengine.

Ndivyo ilivyokuwa ile Jumapili. Ukumbi ulijaa watu wa rika langu, wametoka Dandora, wametoka Kiamaiko, wanawake wamevaa viatu walivyoviweka miaka. Ulikuwa umepanga sauti tangu asubuhi. Nikaingia, nikaona ukumbi umelala, nikazungusha kile kidude cha sauti nyembamba. Ukaja mbio ukaniambia kitu. Nikaona midomo yako. Nikazungusha tena. Watu wakaziba masikio kwa viganja, mama mmoja akainuka na kutoka nje, kisha twita, zile spika ndogo za juu, zikaungua, na sauti ikafa.

Kimya kile nilikisikia. Kila mtu ananitazama. Ningeweza kusema samahani nimekosea. Maikrofoni ilikuwa mkononi. Nikasema, "Mniwie radhi watu wangu, ni huyu kijana wangu amechokora mashine. Mungu alinipa mtoto mzuri, akasahau kumwekea masikio."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilikuwa mzuri sana, ujue. Nilijua mahali pa kupumzika kati ya "mtoto mzuri" na "akasahau". Ukasimama pale na waya mkononi, ukatabasamu kidogo, ukainama kuchomoa zile spika. Nilikwisha kwenda kliniki wakati huo. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua masikio ya nani yamesahaulika, nikayavika kichwani mwako mbele ya mtaa mzima.

Jina likakushika. Kioko Masikio. Hadi watoto wa ploti wakakuita hivyo, nami nilisikia, au niseme niliona wakisema, na sikumkemea hata mmoja. Jumatatu nikapeleka zile twita kwa Karanja. Akazifungua, akasema, "Sista, hizi zimechomwa na mtu hasikii. Nani alikuwa kwa mashine?"

Nikasema, "Ni kijana."

"Kioko?"

"Kioko."

"Haya," akasema, akaendelea kuchomelea waya zake.

Petro naye alimkana Bwana wake, lakini alikuwa na jogoo wa kumwamsha. Mimi hata jogoo angewika nisingemsikia. Unaona? Hata sasa nafanya mzaha. Ndivyo ninavyokimbia.

Nikuambie kitu kuhusu maikrofoni, na usikichukue kama mahubiri maana mimi si wa kuhubiri. Mwenye maikrofoni habishiwi. Anaweza kuwa mjinga, mwongo, mwoga, lakini sauti yake ni kubwa kuliko ya wote, na kabla mtu hajajibu muziki umeshaanza. Huko uendako utapewa sare na geti la kulinda. Si kitu kikubwa, lakini kuna mtu atasimama mbele ya geti hilo akiwa hana la kufanya ila kukusubiri wewe. Siku hiyo unikumbuke nilivyosimama pale, usiwe mimi.

Na sasa lile ambalo hulijui. Haya mengine mengi ulikuwepo.

Ulipoacha kuja kwenye jam ukasema unataka kupumzika kidogo, ukaenda soko la Kiamaiko kupakia mbuzi. Siku moja ukiwa huko walikuja vijana wawili wa Dandora, wale wanaokodisha vyombo vya sauti kwa matamasha. Nikawakaribisha ndani. Yule mrefu akasema, "Mathe, tunasaka msee wa kupanga sauti, kazi ya kudumu. Tuliskia Kioko ako fiti. Lakini wasee wanasema ati hana maskio. Ni ukweli ama ni story tu?"

Neno moja tu, Kioko. Ningesema "ni story", wangekungoja hapo hapo hadi urudi. Lakini kama wewe una masikio, nani aliyeunguza twita? Lingefuata swali hilo. Nikacheka. Nilicheka kile kicheko changu cha ukumbini, nikasema, "Mnywe chai kwanza." Wakanywa chai. Wakaelewa. Wakaaga kwa heshima, na yule mrefu akaosha kikombe chake.

Hawakurudi. Mwezi uliofuata wewe ukaja na habari za wakala na kazi ya Doha, nami nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amemfungulia mwanangu mlango. Sikusema nani aliyefunga ule mwingine.

Ijumaa iliyopita nilienda Dandora kuwatafuta. Nikawaeleza yote, nimesimama kwenye vumbi la uani kwao, kwamba ni mimi, kwamba wewe una sikio kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua katika kazi hii. Yule mrefu akasema, "Pole, mathe. Tushachukua mwingine." Akanitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyejikojolea hadharani, unataka kumsaidia na hujui ushike wapi. Nikarudi nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, na siandiki barua hii ili ubaki. Nenda. Lakini nilikuwa nimeharibu hadharani, na sikutaka kutengeneza chumbani.

Basi Jumapili, wewe ukiwa kwa susu yako, nikasimamisha jam katikati. Nikashika maikrofoni. Sikupanga mahali pa kupumzika. Nikasema mwenye masikio mabovu ni mimi, la kulia halisikii chochote, na siku ile twita nilizichoma mimi, na Kioko alikuja kunionya nami nikamsingizia mbele yenu. Nikaona midomo yao inatembea. Sikujua kama wananicheka au wananihurumia, kwa sababu sikuwa nasikia, na hiyo ndiyo adhabu niliyostahili kabisa.

Kisha mama mmoja wa mbele, yule mnene wa kutoka Kiamaiko ambaye hakosi, akafungua mkoba wake akatoa kitu akaniinulia. Pamba. Akaja hadi mezani akanipigia kelele kwenye sikio la kushoto, "Sista, sisi hukuja nayo! Tulijua kitambo!" Wengine wakaanza kutoa za kwao masikioni wakinionyesha. Mwanangu, walikuwa wakija kucheza kwangu na pamba masikioni. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikauliza kama walijua, mbona walicheka siku ile. Yule mama akafunga mkoba wake, akarudi sikioni mwangu, akasema, "Wewe ulikuwa unataka tucheke."

Karanja alikuwepo. Unajua hakosi kucheza, na magoti yake hayo. Akanivuta kando, akasimama mbele yangu nimwone mdomo vizuri, akaniambia kwamba Jumatatu ile, kabla sijafika kwake na zile twita, ulikuwa umeshapita.

"Aliniambia, 'Mzee, mathe ataleta twita. Akisema ni yeye, msaidie. Akisema ni mimi, basi ni mimi.'"

Sikuweza kurudi mezani. Wakafunga vyombo wenyewe.

Miezi yote hii nimekuwa nikiona aibu ya mtu aliyemdanganya mwanawe. Kumbe sikukudanganya hata siku moja. Ulijua, na ukanipa nafasi ya kusema ukweli kwa Karanja, nami nikapita juu ya nafasi hiyo kama mtu anayeruka mtaro. Ukabeba jina baya mtaani, ukaenda kunuka mbuzi, ili mama yako aendelee kuitwa Sista Ndunge. Na mimi nikakuacha ubebe. Lile la Dandora ndilo peke yake hukulijua, na nimeogopa usiku huu wote kukuandikia, kwa kuwa hapo ndipo ungeweza kupata malipo ya kunitunzia siri, na nilikulipa kwa kicheko.

Sikuombi unisamehe kesho. Kesho utakuwa na mambo mengi. Utasoma hii asubuhi kabla hatujatoka, na ukitaka kunyamaza mwezi mzima, nyamaza. Nitajua ni kwa nini, na sitamwambia mtu kwamba simu zako hazipiti. Ila watu wa huko wakikuuliza ulikuwa unafanya kazi gani kwenu, usiseme mbuzi. Sema wewe ni fundi wa sauti. Ni kweli, na atakayetaka kuthibitisha nipe namba yake, nitamwambia bila kucheka.

Tangu Jumapili nimekuwa nikikuangalia. Jumatatu tulipotoka kununua hilo begi ulikuwa unatembea upande wangu wa kulia. Kabla hujasema neno ulipita nyuma yangu, ukaja kushoto, ndipo ukaniambia viatu vyangu vimeisha soli. Jana ukafanya hivyo tena sokoni. Sijui umefanya hivyo tangu lini. Pengine mwaka mzima umekuwa ukizunguka mgongo wangu kila ulipotaka kuongea nami, na mimi sikuwahi hata kujiuliza.

Kesho nakusindikiza. Tembea upande wowote utakao, baba. Nitageuka mimi.

Mama yako,
Ndunge